Vidonge vya kunenepa, sindano ya kukonda: Mpakani tunabeba nini?

WIKI chache zilizopita nilikuwa Rusumo, upande wa Rwanda, nikisubiri gari la kwenda Kirehe, nikawasikia kina mama wawili wauza vitenge wakibishana. Mmoja alikuwa ameagizwa na mteja wake wa Kigali amtafutie ng'ambo "ile sindano ya kukonda". Mwenzake alikuwa na oda ya vidonge vya kunenepa, vile vinavyouzwa bila boksi wala maandishi, vimefungwa kwenye karatasi. Kila mmoja alimshangaa mteja wa mwenzake.

"Mtu Mungu kampa mwili, anatafuta pesa aukondeshe!" alisema wa pili.

"Na wako anatafuta pesa auvimbishe," akajibu wa kwanza, na watu wote pale kituoni wakaangua kicheko.

Nilicheka na mimi, lakini kicheko changu hakikufika mbali. Biashara hizi mbili, zinazoonekana kupingana kama mashariki na magharibi, kwa hakika ni biashara moja. Wote wawili walikuwa wametumwa dawa zinazoingilia mfumo wa homoni, yaani vichocheo vya mwili vinavyoamrisha njaa, shibe na matumizi ya chakula. Na ninajua gharama ya kubeba mzigo wa namna hiyo bila kuujua, kwa sababu niliwahi kuubeba mwenyewe.

Shangazi yangu alirudi kutoka Karagwe mwaka 2013, pamoja na maelfu ya watu waliotoka mkoa wa Kagera mwaka ule. Alirudi mwembamba, akaanza upya kwa kuuza mchele. Biashara ilimkubali lakini mwili haukuongezeka, na watu wa kwetu hawana huruma katika jambo hilo. Mwanamke anayeshika pesa akibaki mwembamba husemwa ana ugonjwa, au ana roho ngumu ya kula mali yake mwenyewe. Mwaka 2019 akaniita, akaniambia, "Mwanangu, wewe unavuka kila wiki. Niletee vidonge alivyotumia mwenzangu, nami nionekane mtu."

Nilivinunua. Muuzaji alisema ni vitamini za kuleta hamu ya kula. Nikavitia mfukoni, nikavuka daraja. Hakuna aliyeniuliza, nami sikumuuliza muuzaji swali hata moja. Niliendelea kumletea kwa miezi kadhaa.

Matokeo yalikuja haraka. Mashavu yalijaa, uso ukawa wa duara, tumbo likatangulia. Mikono na miguu ilibaki vilevile, ila hapakuwa na mtu wa kulitazama hilo, sote tulikuwa tukimsifu. Machi 2020 ikaingia korona na mipaka ikafungwa. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, sisi wachuuzi wa kutembea kwa miguu tukabaki nyumbani. Vidonge vikaisha. Haikupita wiki, shangazi akaanza kutapika, akashindwa kusimama, presha yake ikashuka. Majirani walisema ni korona.

Hospitalini, daktari alimtazama uso, akatazama mikono, akauliza swali moja: "Alikuwa anakunywa vidonge gani, na ameacha lini?" Nilimpa ile karatasi iliyobaki na punje mbili. Kwa dalili alizoziona, alituambia hizo si vitamini. Ni dawa za jamii ya deksamethasoni, zinazofanya kazi ya homoni iitwayo kotisoli. Alitibiwa kwa sindano na maji ya mshipani, kisha akapewa dozi iliyopunguzwa kidogo kidogo kwa miezi. Alipona. Sukari yake, ambayo hapo awali haikuwa na tatizo, inapimwa hadi leo.

Ndugu msomaji, tangu siku ile nimejitahidi kuelewa ni nini hasa nilichokuwa nimebeba mfukoni. Leo napenda kukushirikisha, kwa sababu mambo yanayotokea sasa duniani yataufanya mzigo huu uongezeke mipakani kwetu.

Homoni ni kama matarishi. Tezi na viungo mbalimbali huzitengeneza na kuzitia kwenye damu, zikapeleke amri kwingine. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo grelini, iliyogunduliwa mwaka 1999 na Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa. Hiyo ndiyo huuambia ubongo kwamba muda wa kula umefika. Mafuta ya mwilini nayo hutoa leptini, iliyotambuliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York. Kazi yake ni kuuarifu ubongo kiasi cha akiba kilichopo ghalani. Utumbo, chakula kikishafika, hutoa homoni ijulikanayo kama GLP-1, ambayo hupunguza kasi ya tumbo kujimwaga na kuleta shibe. Kongosho hutoa insulini, inayoingiza sukari kwenye seli na kuweka akiba ya mafuta. Tezi ya shingo hupanga kasi ya moto wa mwili mzima. Tezi zilizo juu ya figo hutoa kotisoli, homoni ya kukabili mashaka.

Ukielewa hayo, utaelewa yaliyompata shangazi. Kotisoli ikizidi, njaa huongezeka, mafuta huhamia usoni na tumboni, misuli ya mikono na miguu hupungua, sukari na presha hupanda, mifupa na kinga hudhoofu. Kwa maneno mengine, mwili haukuwa umenawiri, ulikuwa umevurugwa. Ubaya zaidi ni kwamba tezi, zikiona homoni inaingia kutoka nje kila siku, huacha kutengeneza ya kwao. Dawa ikikatika ghafla, mtu hubaki bila homoni kabisa, na anaweza kufa. Deksamethasoni yenyewe si sumu. Ni dawa nzuri sana mikononi mwa daktari, na ndiyo iliyookoa maisha ya wagonjwa mahututi wa korona mwaka ule ule wa 2020. Vipo pia vidonge vingine vya kunenepa vyenye siproheptadini, dawa ya mzio ambayo huamsha hamu ya kula na kuleta usingizi mzito. Hebu fikiria dereva wa pikipiki akivinywa asubuhi kisha apakie abiria.

Sasa tugeukie upande wa pili, wa wale wanaotaka kukonda. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mnene ni mlafi na mvivu, basi. Sayansi inatuambia jambo lenye uzito zaidi. Mwili hauna haraka ya kuachia akiba yake. Mwaka 1944 na 1945, mtafiti wa Marekani Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa muda wa miezi sita. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Miili ilipunguza matumizi, ikawa baridi na mizito, na fikra zao zote zikahamia kwenye chakula. Waliporuhusiwa kula tena, wengine walikula mno na bado wakasema wana njaa, na mafuta yakarudi haraka kuliko misuli.

Nikisoma habari hiyo sikuwafikiria Wamarekani. Niliwafikiria watu tunaowajua, walioishi kwa mgao wa kambini, wakarudi nyumbani, wakaanza kula, na ndani ya mwaka mmoja wakawa na tumbo ambalo hawakuwahi kuwa nalo. Jirani husema, "Amesahau alikotoka." Kumbe mwili wake ndio haujasahau. Unaweka akiba kwa sababu ulishaonja njaa.

Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 50 wanene waliopunguzwa uzito kwa wiki kumi za chakula kidogo sana. Mwaka mmoja baadaye, wengi wakiwa tayari wamerudisha sehemu ya kilo, grelini yao ilikuwa bado juu na leptini bado chini kuliko mwanzo. Tafsiri yake ni kwamba mtu aliyekonda kwa kujinyima hupambana na njaa ya kweli, tena ya muda mrefu. Akishindwa, tusiseme tu kwamba hana msimamo.

"Lakini sisi tunatembea sana," atasema mchuuzi. Ni kweli, na kutembea kuna faida kubwa kwa moyo, kwa sukari na kwa akili. Hata hivyo, mwaka 2012 watafiti walipima nishati inayotumiwa na Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, watu wanaotembea mwendo mrefu kila siku kutafuta mizizi, asali na nyama. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao kwa siku hayakuzidi ya Wamarekani na Wazungu. Mwili hubana matumizi mahali pengine. Wahadzabe ni wembamba, lakini mwendo peke yake hauwezi kueleza wembamba wao. Kwa hiyo mama anayepandisha mlima na beseni kichwani asishangae kilo zikigoma kushuka.

Kuna jambo jingine linalotugusa moja kwa moja sisi wa mpakani, nalo ni usingizi. Mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 saa nne tu kwa siku mbili, wakawalinganisha na siku walizopewa nafasi ya kulala saa kumi. Waliponyimwa usingizi, leptini ilishuka kwa asilimia 18 na grelini ikapanda kwa asilimia 28, wakatamani zaidi vitu vitamu na vya wanga. Mfanyabiashara anayeamka saa tisa usiku kuwahi foleni, kisha saa mbili asubuhi akanunua maandazi matatu na soda, hafanyi hivyo kwa ulafi. Homoni zake zimeamrishwa na ule usiku mfupi.

Ni katika hali hiyo ndipo sindano ya kukonda ilipoingia, nayo si uongo. Mwaka 1992 daktari wa Marekani, John Eng, aliripoti kwamba katika sumu ya mjusi mmoja wa majangwa ya kwao mna kemikali inayofanana na GLP-1. Homoni yetu ya asili hudumu kwenye damu kwa dakika mbili hivi, ile ya mjusi hudumu zaidi. Kutokana na ugunduzi huo, mwaka 2005 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya jamii hii kwa wagonjwa wa kisukari. Mwaka 2017 ikaidhinishwa semaglutide kwa jina la Ozempic, na mwaka 2021 dawa hiyo hiyo ikaidhinishwa kwa ajili ya unene kwa jina la Wegovy.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ukihusisha watu 1,961, waliochomwa semaglutide kwa wiki 68 walipoteza wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliochomwa sindano isiyo na dawa walipoteza asilimia 2.4. Baadhi yao walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha, theluthi mbili ya kilo zilizopotea zilikuwa zimerudi. Tufanye hesabu ya sokoni: mtu wa kilo 100 anashuka hadi 85, anaacha sindano, mwaka mmoja baadaye yuko kwenye 95. Maana yake dawa hii, kwa walio wengi, si ya mwezi mmoja kabla ya harusi. Ni ya muda mrefu, kama ya presha. Huleta kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo, na mara chache matatizo ya mawe ya nyongo na ya kongosho. Mjamzito haruhusiwi kuitumia.

Kwa nini nasema mzigo utaongezeka? Septemba 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza semaglutide na dawa za jamii yake kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wenye maradhi ya moyo au figo pamoja na unene. Desemba mwaka huo huo likatoa mwongozo wa kuzitumia kutibu unene kwa watu wazima, likisisitiza ziende pamoja na chakula bora na mazoezi. Aidha, mwaka 2026 ndio ambao hataza ya semaglutide, yaani haki ya kiwanda kimoja kuitengeneza peke yake, inafikia ukomo katika nchi kubwa kadhaa zikiwemo India na China. Sote tunajua sehemu kubwa ya dawa tunazokunywa inatoka India. Bei ikishuka huko, bidhaa itafika huku, kwanza kwenye maduka ya dawa yenye leseni na kisha, kama hatukuwa macho, kwenye vikapu.

Na kikapu hakiifai dawa hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, kabla ya kufunguliwa inatakiwa kukaa kwenye joto la nyuzi 2 hadi 8, yaani ndani ya friji, tena isigande. Ikikaa chini ya vitenge kutwa nzima juani, mnunuzi ameuziwa maji yaliyoharibika. Ya pili ni bidhaa bandia. Juni 2024 WHO ilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kabla ya hapo, Oktoba 2023, mamlaka ya dawa ya Austria ilitangaza kwamba watu kadhaa walilazwa baada ya kujichoma sindano bandia, sukari yao ikiwa imeshuka vibaya, na dalili zikionyesha kuwa ndani mlikuwa na insulini. Kama Wazungu wenye maabara kila mtaa wameuziwa bandia, sisi tunaonunua kwa kuonyeshwa picha kwenye simu tuna kinga gani?

Kwa mtazamo wangu, lawama isiwaangukie wachuuzi peke yao. Serikali zetu zimefanya kazi kubwa kurahisisha biashara. Daraja na kituo cha pamoja cha Rusumo vilifunguliwa rasmi Aprili 2016, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu wa cheti rahisi kwa mizigo midogo isiyozidi dola 2,000. Mama wa mchele na mama wa nyanya amefundishwa utaratibu huo. Kuhusu dawa, hata hivyo, anayejua sheria mara nyingi ni yule aliyekwisha kukamatwa. Mamlaka za dawa zipo pande zote mbili, Rwanda FDA huku na TMDA upande wa Tanzania. Zinaweza kushirikiana kuweka bango moja pale kwenye foleni, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, lenye maneno machache: dawa si bidhaa ya kikapu, na kidonge kisicho na boksi hakina mwenyewe. Zaidi ya bango, zipeleke mafunzo kwenye vyama vya ushirika vya wachuuzi, kwa sababu mwanamke wa mpakani humsikiliza mwenzake kuliko afisa.

Kwetu sisi wenyewe, yapo mambo yasiyohitaji kibali. Mtu akikonda ghafla huku anakula na kunywa maji mengi, tuache kumnong'ona. Apimwe sukari, na kama moyo unamwenda mbio na mikono inatetemeka, achunguzwe tezi ya shingo. Akikohoa, apimwe kifua kikuu. Akinenepa usoni na tumboni tu, aulizwe kwa upole anakunywa nini. Na ambaye tayari anavitumia vidonge hivyo asiviache leo kwa hofu baada ya kusoma makala hii. Aende navyo hospitali, katika karatasi yake ileile, apunguziwe kwa utaratibu. Anayetaka kupunguza uzito aanze na usingizi, apunguze soda, na asubuhi ale kitu chenye maharage au yai badala ya andazi tupu, maana protini na nyuzinyuzi huamsha homoni za shibe alizonazo tayari bure tumboni mwake. Kilo zitashuka polepole, na huenda zisishuke zote. Lakini hatalazwa kwa ajili hiyo.

Wale kina mama wawili niliwasogelea gari lilipochelewa, nikawasimulia habari za shangazi, pamoja na sehemu ile ambayo sipendi kuisimulia, kwamba mbebaji nilikuwa mimi. Yule mwenye oda ya vidonge alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Sasa mteja wangu nimwambie nini, kaka? Pesa ameshanipa."

Nilimwambia amrudishie. Alisema ataona. Gari likaja nikapanda, na sijui aliamua nini. Ninachojua ni kwamba mimi mwaka 2019 hapakuwa na mtu wa kunisimamisha kituoni na kuniambia, ndiyo maana nimeandika.